HATI YA KUINGILIA IKIISHA MUDA KAZI INGALI NJIANI

Maelezo kwa makatibu, wahasibu na makarani wa vyama wanachama

Katika vyama kadhaa vilivyo chini ya Chama chetu Kikuu, kumbukumbu hazikai tena katika madaftari peke yake. Orodha za bei, masharti ya chama, programu za kukokotoa malipo ya wakulima, picha za kurasa za daftari la mizani na ramani za mashamba zimo ndani ya kompyuta. Kwa kuwa hushughulikiwa na watu wengi, zimewekwa katika ghala la matoleo, ili kila badiliko liandikwe, lijulikane limefanywa na nani, na liweze kurudishwa nyuma iwapo lina kasoro. Chombo kinachotumika zaidi ulimwenguni kwa kazi hiyo ni Git, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, kwa ajili ya watengenezaji wa Linux.

Lipo tatizo moja linalowasumbua makarani wanaotumia ghala la namna hiyo. Karani huanzisha jioni kazi ya kupeleka shehena kubwa kwenye seva. Kazi huendelea vizuri kwa saa nyingi. Asubuhi, badala ya kukuta imekamilika, hukuta ujumbe wa Kiingereza usemao Authentication failed, yaani utambulisho wake umekataliwa. Jina lake ni sahihi, hati yake ilikuwa sahihi alipoanza, wala hakuna aliyemwondoa katika orodha. Kilichotokea ni kwamba hati ya kuingilia ilikwisha muda wake kazi ingali njiani.

Jambo hili laweza kuonekana dogo, lakini lina hatari yake. Karani aliyechoshwa na kazi ya kurudia hushawishika kutafuta hati isiyokwisha kamwe, na kuiandika mahali ambapo kila mpita njia aweza kuisoma. Kwa kutaka kuokoa usiku mmoja wa kazi, huacha wazi mlango wa kumbukumbu za wanachama wote. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dawa ya tatizo hili si kurefusha maisha ya hati, bali ni kufupisha kila safari ya kazi, na kuikabidhi hati kwa mtunzaji awezaye kuihuisha.

HATI YA KUINGILIA NA KAZI ZINAZOIHITAJI

Yafaa kwanza ieleweke kwamba Git huweka nakala ya ghala katika kompyuta ya chama, na nakala nyingine katika seva inayotumiwa na wote. Kazi nyingi hufanyika katika nakala ya chama bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Kuandika toleo jipya, kulinganisha matoleo mawili, kusoma historia na kupanga upya mfuatano wa matoleo, yote hayo hufanyika hata mtandao ukiwa umekatika. Kazi hizo zikidumu siku nzima, hati ya kuingilia haihusiki nazo.

Hati huhitajika pale tu kompyuta ya chama inapozungumza na seva: kunakili ghala kwa mara ya kwanza kwa amri ya git clone, kuchukua mapya kwa git fetch au git pull, na kupeleka matoleo yetu kwa git push. Hapo seva huuliza: wewe ni nani, na umeruhusiwa nini? Jibu huweza kuwa neno la siri, lakini siku hizi aghalabu huwa tokeni, yaani mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu unaotolewa na seva yenyewe. Tokeni yafanana na kibali cha kusafirisha mazao. Humtaja aliyepewa, hueleza aliloruhusiwa kufanya, na mara nyingi huwa na saa ya mwisho.

KWA NINI HATI ZIMEWEKEWA MWISHO

Kikomo hiki hakikuwekwa ili kuwaudhi watumiaji. Neno la siri likiibwa, mwizi aweza kulitumia mpaka mwenyewe agundue, na pengine asigundue kwa miaka. Hati ya saa moja ikiibwa, manufaa yake kwa mwizi ni ya saa moja. Kwa sababu hiyo wenye seva kubwa wameendelea kubana. GitHub iliacha kupokea maneno ya siri ya akaunti kwa kazi za Git tarehe 13 Agosti 2021, na kutaka tokeni au funguo badala yake. GitLab, katika toleo lake la 16.0 la Mei 2023, iliondoa tokeni za mtu binafsi zisizo na mwisho, ikaweka kikomo cha mwaka mmoja.

Zipo pia hati za muda mfupi zaidi, zinazotolewa kwa programu badala ya watu. Hati ambayo GitHub huipa programu iliyosajiliwa katika ghala hudumu saa 1. Hati ya kuingilia kwa niaba ya mtumiaji katika GitLab hudumu saa 2, kisha huhitaji kuhuishwa. Ni hati za namna hii zinazokwisha katikati ya kazi ndefu.

HESABU YA SAFARI

Kabla ya kuanzisha kazi yoyote kubwa, karani hana budi kufanya hesabu ndogo. Tuseme chama kina shehena ya gigabaiti 3, na laini yake hupeleka megabiti 2 kwa sekunde. Baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo gigabaiti 3 ni megabiti 24,000. Tukigawanya kwa 2 twapata sekunde 12,000, ambazo ni saa 3 na dakika 20. Hati ya saa 1 haiwezi kuisindikiza safari hiyo tangu mwanzo hata mwisho. Hesabu hii huchukua dakika moja, nayo huokoa usiku mzima.

Wala shehena za ukubwa huo si jambo la ajabu tena. Kanuni ya Umoja wa Ulaya nambari 1115 ya mwaka 2023, inayohusu kahawa, kakao na mazao mengine, inadai kwamba mahali hasa zao lilipolimwa pajulikane. Chama chenye wakulima wengi, kikitunza ramani na picha za mashamba yao yote, hujikuta kina mafaili mazito kuliko kilivyozoea.

MLANGO HUBISHWA HODI WAKATI GANI

Wengi hudhani kwamba seva huitazama hati kila sekunde, na kwamba hati ikiisha, shehena hukatwa palepale. Kwa kawaida sivyo. Git inapopita katika njia ya HTTPS, seva huikagua hati mwanzoni mwa kila ombi. Ombi likishakubaliwa na shehena ikaanza kutiririka, kwa kawaida huendelea hata kama hati imekwisha wakati huo. Hatari ipo katika ombi linalofuata. Basi swali la kujiuliza ni hili: kazi hii itabisha hodi mara ngapi, na hodi ya mwisho itabishwa saa ngapi?

Tuchukue amri ya git push. Kwanza Git huiuliza seva ina matoleo gani. Hapo hati hukaguliwa. Pili, kama chama kimeweka programu ndogo iitwayo pre-push, programu hiyo hutekelezwa kabla ya chochote kupelekwa. Tatu, Git hufungasha matoleo. Nne, kama mzigo ni mkubwa, hutuma kwanza ombi dogo mno la majaribio, ili ijue kama mlango ungali wazi kabla ya kuutoa mzigo wenyewe. Mwisho hupeleka mzigo. Hati inayotumika tangu hodi ya kwanza mpaka ya mwisho ni ileile iliyochukuliwa mwanzoni. Git huibeba kichwani mwake, wala hairudi kuomba nyingine njiani.

Hapa ndipo tatizo linapojificha kwa vyama vinavyotumia Git LFS, yaani nyongeza ya Git kwa mafaili makubwa. GitHub, kwa mfano, haipokei kwa njia ya kawaida faili moja linalozidi megabaiti 100, na mafaili ya namna hiyo hupitishwa kwa LFS. Nyongeza hii hufanya kazi yake katika hatua ya pili tuliyoitaja. Git hubisha hodi na kukubaliwa. Kisha LFS hupeleka picha na ramani kwa saa tatu. Ndipo Git hurudi mlangoni ikiwa na hati iliyochukuliwa saa tatu zilizopita. Seva huikataa. Mafaili mazito yote yamekwisha fika, na kilichokwama ni mzigo mdogo wa mwisho wenye orodha ya matoleo. Karani asiyejua mpangilio huu hudhani kazi yote imepotea.

Njia ya SSH ni tofauti kidogo. Humo mtumiaji hutambulishwa mara moja tu, uhusiano unapofunguliwa. Hata pale ambapo ufunguo umetolewa pamoja na cheti chenye saa ya mwisho, uhusiano uliokwisha funguliwa haukatwi kwa sababu ya cheti kuisha. Lakini ukikatika kwa hitilafu ya mtandao, cheti kilichokwisha hakitafungua mwingine.

NJIA YA MKATO ISIYOFAA

Makosa matatu hufanywa mara nyingi na watu wanaolikimbia tatizo hili, nayo yanafaa kukatazwa katika kila ofisi.

La kwanza ni kuiandika hati ndani ya anwani ya ghala. Hati iliyoandikwa hivyo hukaa wazi katika faili la mipangilio la ghala, na yeyote anayekaa mbele ya kompyuta aweza kuisoma. Tena haisaidii kitu, kwa sababu Git ikikuta hati ndani ya anwani haimwulizi mtunzaji awezaye kutoa mpya. Ikiisha, imekwisha.

La pili ni kuweka hati katika mojawapo ya mafaili ya ghala lenyewe. Huku ni kusahau sifa kuu ya ghala la matoleo, kwamba halisahau. Karani akiifuta kesho, toleo la jana lingali nayo, na kila mwenye nakala ya ghala anayo pia. Hati iliyowahi kuingia katika historia haiponywi kwa kufutwa katika faili. Haina budi kubatilishwa kwenye seva kwanza, ndipo itolewe nyingine.

La tatu ni kutumia hati moja kwa ofisi nzima. Ghala la matoleo lina thamani kwa kuwa laweza kueleza nani aliingia na kupeleka nini. Makarani wanne wakiingia kwa hati ya katibu, daftari la seva humtaja katibu peke yake, na siku ya ukaguzi hapatakuwa na wa kujibu isipokuwa yeye.

GAWENI SHEHENA

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na katika kazi hii msemo huo ni kanuni ya ufundi. Kazi ndefu ikigawanywa katika safari fupi, kila moja ikiwa ndani ya muda wa hati, hakuna hati itakayokwisha njiani. Tukirudi kwenye hesabu yetu, gigabaiti 3 zikigawanywa katika mafungu 10 ya megabaiti 300, kila fungu litachukua dakika 20 katika laini ileile. Jumla ni saa 3 na dakika 20 kama mwanzo, lakini sasa kila fungu lililofika limefika, na umeme ukikatika kilichopotea ni fungu moja tu.

Kwa mafaili ya LFS, pelekeni mafaili mazito peke yake kwanza, kwa amri ya git lfs push ikifuatwa na jina la seva na la tawi, kwa mfano git lfs push origin main. Nyongeza hiyo hupanga mafaili katika mafungu, kwa kawaida yasiyozidi 100, na kuliombea kila fungu ruhusa. Faili ambalo seva tayari inalo halipelekwi tena. Kwa hiyo amri hii yaweza kurudiwa mara nyingi bila hasara. Ikishakwisha, ndipo itolewe git push ya kawaida. Wakati huo LFS haitakuwa na kitu cha kupeleka, nafasi kati ya hodi ya kwanza na ya mwisho itakuwa ya sekunde chache, na hati itakuwa mpya.

Kwa historia ndefu ya matoleo ya kawaida, pelekeni matoleo ya zamani kwanza, kisha yanayofuata. Katika amri ya git push, baada ya jina la seva, huandikwa alama ya toleo, nukta mbili, na jina kamili la tawi, kwa mfano git push origin 4f2a9c1:refs/heads/main. Seva itapokea historia mpaka toleo hilo, na amri inayofuata itapeleka yaliyobaki tu. Njia hii hufaulu ikiwa karani amezoea kuandika matoleo madogo madogo. Aliyekusanya picha za msimu mzima katika toleo moja hana mahali pa kukata.

Kwa kunakili ghala, tahadhari ni kubwa zaidi, kwa kuwa git clone ikikatika huanza tena tangu mwanzo. Chama chenye laini dhaifu kianze na toleo la mwisho peke yake kwa git clone --depth 1, kisha kiongeze historia kidogo kidogo kwa git fetch --deepen=200 na kuendelea hivyo. Ipo pia njia ya git clone --filter=blob:none, ambayo huleta historia bila yaliyomo katika mafaili, na kuyaleta yanapohitajika. Njia hiyo ni nyepesi, lakini ikumbukwe kwamba baadaye hata kazi ya kutazama toleo la zamani yaweza kubisha hodi kwenye seva, na kwa hiyo kuhitaji hati.

Mwisho, ipo njia isiyohitaji hati hata kidogo. Amri ya git bundle create ghala.bundle --all hufungasha historia yote katika faili moja, ambalo laweza kuchukuliwa kwa flashi mpaka ofisi ya chama. Huko huhakikishwa ndani ya ghala lolote la Git kwa git bundle verify, na kunakiliwa kwa git clone kama kwamba ni seva. Baada ya kuelekeza anwani kwenye seva halisi, kinachobaki kuchukuliwa kwa mtandao ni mapya tu. Ila mafaili ya LFS hayamo katika furushi hilo, hayo huletwa kwa njia yake. Flashi yenyewe ikabidhiwe mkono kwa mkono na kutiwa sahihi, kwa kuwa ndani yake mna kumbukumbu za wanachama.

MTUNZA HATI

Git ina utaratibu wa kuikabidhi kazi ya kutunza hati kwa programu nyingine, tutakayoiita mtunza hati. Git humwambia mambo matatu tu: nipe hati, hifadhi hii iliyokubaliwa, na futa hii iliyokataliwa. Mtunzaji mwema huhifadhi hati kwa siri na, inapokaribia kuisha, huomba nyingine bila kumwamsha karani.

Watumiaji wa Windows hupata pamoja na Git mtunzaji aitwaye Git Credential Manager, anayehifadhi hati katika hazina ya siri ya mfumo. Katika Linux yupo mtunzaji aitwaye cache, anayeiweka hati katika kumbukumbu ya muda kwa sekunde 900, yaani dakika 15, isipokuwa akiamriwa vingine. Yupo na mwingine aitwaye store. Huyo huandika hati waziwazi katika faili lisilo na ulinzi wowote ila ruhusa za faili lenyewe, na hatumshauri yeyote kumtumia katika kompyuta ya ofisi inayoguswa na wengi.

Toleo la Git lina uzito wake hapa. Zamani mtunzaji hakuwa na njia ya kuieleza Git kwamba hati fulani itakwisha saa fulani. Git iliitumia hati iliyokufa, ikakataliwa mlangoni, ndipo ikajua. Tangu toleo la 2.40, lililotoka Machi 2023, hati yaweza kuambatana na saa yake ya mwisho, na Git huiacha iliyokwisha na kutafuta nyingine kabla ya kubisha hodi. Toleo la 2.41, lililotoka Juni 2023, liliongeza uwezo wa kuhifadhi pia hati ya kuhuishia, ambayo mtunzaji huitumia kuomba hati mpya ya kuingilia. Kwa hiyo kila chama kiandike git --version katika kompyuta zake, na kinachotumia toleo lililo chini ya haya kiboreshe.

Hata hivyo mtunzaji hatibu kila kitu. Kama tulivyoona, Git huchukua hati mara moja mwanzoni mwa amri. Mtunzaji huhakikisha kwamba kila amri inaanza na hati hai. Hawezi kuibadilisha hati iliyokwisha chukuliwa na amri inayoendelea. Ndiyo maana kugawa shehena na kuwa na mtunzaji ni mambo mawili yanayokwenda pamoja, na moja halichukui nafasi ya lingine.

KAZI ZA USIKU ZISIZO NA MTU

Vyama vingine huiachia kompyuta kazi ya kupeleka kumbukumbu usiku, wakati laini ni nyepesi. Kazi ya namna hiyo ina maradhi yake. Hati ikikataliwa, Git huuliza jina na neno la siri, kisha husubiri jibu. Hakuna mtu, na kazi husubiri mpaka asubuhi bila kushindwa wala kufaulu. Wekeni katika mazingira ya kazi hiyo GIT_TERMINAL_PROMPT=0, ili Git isiulize kwenye skrini ya amri bali ishindwe mara moja na kuandika sababu katika daftari la kazi.

Aidha, kazi ya usiku ichukue hati mpya kabla ya kila hatua, si moja mwanzoni kwa hatua zote. Programu hiyo ipewe hati yake yenyewe, yenye ruhusa ya ghala moja linalohusika. Tena itofautishe aina mbili za kushindwa. Mtandao ukikatika, ni halali kujaribu tena baada ya muda. Lakini hati ikikataliwa, ijaribiwe mara moja tu kwa hati mpya, na ikikataliwa tena kazi isimame. Kuligonga gonga lango kwa hati mbovu mara mia hufanana na mwenendo wa mwizi, na seva nyingi humfungia nje mwenye kufanya hivyo.

SAA YA KOMPYUTA

Jambo moja dogo husahauliwa. Saa ya mwisho ya hati huandikwa kwa saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Hati inayosema 06:00 hukwisha kwetu saa 3 asubuhi. Zaidi ya hayo, Git hulinganisha saa hiyo na saa ya kompyuta yenyewe. Kompyuta ambayo betri yake ya ndani imekufa, na inayoamka kila siku ikiwa na tarehe ya uongo, yaweza kuiona hati hai kuwa imekufa, au iliyokufa kuwa hai. Kabla ya kumlaumu mwenye seva, tazameni tarehe na saa iliyo pembeni mwa skrini.

KAZI IKISHAKATIKA

Iwapo pamoja na tahadhari zote kazi imekatika, jambo la kwanza ni kutulia. Matoleo yaliyoandikwa yangali salama katika kompyuta ya chama. Git push iliyoshindwa haifuti kitu upande wetu. Upande wa seva nako, tangu Git ya 2.11 ya mwaka 2016, vitu vinavyopokelewa huwekwa kando kwanza, wala haviingizwi ghalani mpaka vikaguliwe na kukubaliwa. Hakuna ghala lililojazwa nusu. Basi karani asifute folda yake, wala asitumie amri ya kulazimisha kwa kudhani kwamba ghala limeharibika, kwani kulazimisha kwaweza kufuta kazi ya mwenzake.

Jambo la pili ni kusoma ujumbe. Ukisema utambulisho umekataliwa, ombeni hati mpya na mrudie amri. Git huwa imekwisha mwambia mtunzaji aifute ile ya zamani, kwa hiyo si ajabu kuulizwa upya. Ukisema uhusiano umekatika, tatizo ni laini, na hati huenda ni nzima. Jambo la tatu ni kuandika katika daftari: kazi ilianza saa ngapi, ilikatika saa ngapi, na hati ilikuwa ya muda gani. Tarakimu hizo tatu zitawaonyesha ukubwa wa fungu linalofaa safari ijayo.

YANAYOPASA KUFANYWA SASA

Msimu wa ununuzi si wakati wa kujifunza mambo haya, kwa kuwa wakati huo foleni ni ndefu mizanini na wakulima wanangoja malipo. Tunavishauri vyama vyote vyenye ghala la matoleo vitimize mambo manne kabla ya msimu kufunguliwa: kupima kasi ya laini na kuandika ukubwa wa fungu linaloweza kupita ndani ya muda wa hati, kuhakikisha toleo la Git na mtunza hati katika kila kompyuta, kuondoa hati zote zilizoandikwa katika anwani na mafaili, na kuzibatilisha, na kumpa kila karani hati yake mwenyewe.

Hati ikiisha baada ya saa moja, yatimiza wajibu wake wa kuwalinda wanachama ambao hawatauona mlango huo kamwe, lakini majina yao, mashamba yao na fedha zao zimo ndani. Wajibu wetu sisi tulioajiriwa nao ni kuipanga kazi ili itoshe ndani ya saa hiyo.